Embe Zaiva, Kengele Yalia

Usiku wa mwezi wa Januari, pepo za kaskazi zikivuma, sisi tunaokaa karibu na viunga vya Lamu hatulali usingizi wa raha. Embe huanguka. Utaisikia moja ikipiga bati la banda la punda, pu! Kisha kimya. Kisha nyingine hiyo juu ya majani makavu. Na kila inayoanguka ni shilingi iliyotoka mfukoni kabla haijaingia. Huko ndani nako, kwenye msumari wa mlangoni, imetundikwa sare mpya ya shule, shati jeupe lililopigwa pasi, lingojalo alfajiri. Mwenye nyumba hulala baina ya mambo mawili hayo: la nje lataka mikono ya watoto, la ndani lawataka watoto wenyewe.

Hili ndilo ninalotaka kuzungumza nawe leo, msomaji wangu. Si jambo la mabaraza makubwa, ni la uani. Lakini waliokulia pwani yetu wanajua kwamba mengi yaliyomtengeneza mtu, au yaliyomharibu, yalianzia uani.

Kwanza tuitazame hesabu ya siku, maana ugomvi huu ni wa hesabu. Wazee wetu walikuwa na hesabu mbili za mwaka na hazikugombana. Hesabu ya mwezi, tangu Mfungo Mosi hata Ramadhani, ilikuwa ya ibada na sherehe. Hesabu ya jua, inayoanzia siku ya Nairuzi, ilikuwa ya jembe na tanga. Hiyo ni siku 365, zikigawanywa kwa miongo, kila mwongo siku kumi, na siku tano zikasalia. Mkulima alipoulizwa apanda lini, hakutaja mwezi, alitaja mwongo. Nahodha naye alijua ni mwongo wa ngapi apandishe tanga na wa ngapi avute chombo pwani.

Kisha ikaja hesabu ya tatu, ya shule. Hii ina mihula mitatu, na huanza Januari. Haikumuuliza mkulima wala haikumuuliza nahodha. Na mwembe nao haukuulizwa. Embe za pwani yetu, nyingi yazo, huwa tayari baina ya Novemba na Machi, na katika kiunga chetu kishindo chenyewe ni Januari. Basi siku ile ile kengele inapolia, ndiyo siku ngowe zinapoanza kugeuka rangi, na boribo na dodo zafuata nyuma. Lori zangoja Mokowe, mashua zapakia, punda wapita vichochoroni na makanda ubavuni, na mtoto ambaye wiki iliyopita alikuwa mkono wako wa kulia yuko darasani anajifunza sehemu.

Mimi mwenyewe niliingia chuoni kabla ya kuingia shule. Mwalimu wetu wa chuo, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na miembe minne nyuma ya nyumba. Alhamisi na Ijumaa chuo kilifungwa, kama ilivyo ada, na siku hizo tulikuwa huru. Lakini msimu wa embe ukifika, hata siku za kusoma alikuwa na mpango wake. Tulisoma tangu jua halijawa kali, kila mtu na juzuu yake, sauti juu. Jua likipanda, husema, "Wekeni misahafu mahali pake." Tukaweka, tukanawa, tukatoka kwenda kuokota. Na kuokota kwenyewe kulikuwa darasa. Aliyehifadhi sura yake aliisoma huku akiinama na kuinuka, na aliyekosea alirudishwa mwanzo na wenziwe, embe mkononi. Mwisho wa kazi mwalimu aligawa. Kila mtoto alikwenda kwao na embe mbili tatu, na wazazi nao walijua kwamba nazi yao na mtama wao, waliompelekea mwalimu, haukupotea bure.

Sikumbuki siku hata moja ambayo mwalimu yule alisema tusije kusoma kwa sababu ya embe. Wala sikumbuki kumwona akiacha embe zikaoza kwa sababu ya kusoma. Nilipokuwa mdogo nilidhani hilo ni jambo jepesi.

Nikaingia shule mwishoni mwa miaka ya sabini. Sisi ndio tuliokunywa yale maziwa ya Nyayo yaliyoanza 1979. Huko mambo yalikuwa mengine. Kulikuwa na rejista na jina huitwa. Mwalimu alitoka mbali, hakujua mwembe wa nani ni upi. Asubuhi nyingi nilipita kiungani kwanza nikaokote za usiku, kisha nikakimbia shuleni, na kila mara nilishikwa. Kilichonishitaki ni shati. Utomvu wa embe, msomaji, ukiudondokea mkononi utakuchubua, na ukiudondokea shatini hautoki. Sabuni haiuwezi wala ndimu haiuwezi. Alama yake hugeuka hudhurungi na hukaa mpaka shati liwe tambara. Mama hakuhitaji kuniuliza nilikuwa wapi.

Nasema haya ili ujue kwamba nayajua mambo haya tangu utotoni, na nimesoma, na nimefundishwa. Ndiyo maana nitakalokueleza sasa lanitia haya.

Mwaka wa 2020 haukuwa mwema kwa mtu yeyote. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya maradhi ya korona. Kazi za kalamu zikapungua, na malipo yakapungua zaidi ya kazi. Kiunga chetu kina miembe tisa. Ilipochanua mwaka ule ilichanua kwa wingi, nyuki wakiimba juu kutwa, na hapo ndipo alipokuja mchuuzi mmoja. Mchuuzi wa embe hana haja ya kusubiri embe. Yeye hununua maua. Hutazama mwembe uliochanua, huuzunguka mara mbili, hutaja bei, na hulipa papo hapo. Ukizaa sana, faida ni yake. Ukipukutika, ni bahati mbaya yake. Na mwenye mwembe ambaye ana deni dukani hawezi kuvumilia kuziona noti zikirudi mfukoni mwa mwenyewe.

Niliuza miembe mitano kwa maua yake. Tena tukapatana kwamba kuangua ni juu yangu mimi.

Chuoni nilisomeshwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuuza matunda mtini kabla hayajaonekana kufaa. Na sababu yake ilielezwa wazi: Mungu akiyazuia matunda hayo, kwa haki gani mtu aile mali ya nduguye? Nimelisikia darasa hilo zaidi ya mara moja, tena kwa masheikh wakubwa. Hata wale wanaotaja biashara ya salam, ya kulipa leo na kupokea kesho, husema kwamba haiwi juu ya matunda ya mti fulani ulioonyeshwa kwa kidole. Nilikuwa nayajua yote hayo, na niliuza maua. Njaa ya nyumbani ina fikihi yake, na mtu huisikiliza.

Tarehe 4 Januari 2021 shule zikafunguliwa kwa watoto wote, baada ya miezi tisa na zaidi. Siku hiyo hiyo mchuuzi akanipelekea ujumbe: lori litakuwa Mokowe wiki hii, bei Mombasa inashuka kila siku, nataka embe zangu. Na zilikuwa zake kweli. Mwanangu wa kiume wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba, mwepesi wa kupanda kama komba, na upembo mkononi mwake haukosi shina la tunda. Nikamwita.

"Mwanangu," nikamwambia, "shule itangoja siku tatu. Tumalizane na mtu huyu kwanza."

"Haya, baba," akajibu, na sikuona uso wake ukisikitika.

Mama yake alisikia kutoka jikoni. "Mume wangu," akasema, "huyu mtoto amekaa nyumbani tangu Machi. Siku tatu zako zitazaa nyingine."

Nikamjibu kwamba embe hazingoji. Alinyamaza, lakini sufuria aliyoiweka chini aliiweka kwa kishindo.

Siku tatu zikazaa nyingine kweli. Miembe mitano mikubwa si kazi ya siku tatu ukiwa na mikono minne. Wiki ikaisha. Mchuuzi, kwa kuona kijana anavyofanya kazi, akawa anampa kila jioni shilingi mia mbili zake mwenyewe, mbali na mapatano yetu. Nami niliona ni wema. Jumatatu ya pili nikamwambia mwanangu avae sare aende. Akasimama mlangoni, hakuvaa.

"Baba, wenzangu wawili hawajarudi. Wapakia mizigo gatini. Nami napata mia mbili kwa siku. Skuli napata nini?"

Msomaji, mimi ni mtu wa maneno, maneno ndiyo kazi yangu. Sikupata hata moja. Ningemwambia nini? Ningemwambia elimu ni bora kuliko mali, naye ameniona kwa macho yake wiki nzima nikiichagua mali? Nikatoka nje kama mtu aliyeitwa.

Siku mbili baadaye, baada ya alasiri, mwalimu mkuu wa shule yake alipiga hodi. Alikuwa kijana kuliko mimi, si mtu wa kwetu, na alikuja kwa miguu na jua lile. Tulimkaribisha, tukamletea juisi ya embe, akainywa nusu.

"Maalim," akaniambia, "sikuja kukushitaki." Maana angeweza, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule. "Nimekuja kwa sababu kila asubuhi naita jina la mwanao, na kila asubuhi darasa lanyamaza. Wale wengine huniambia yuko embeni. Kesho kutwa watataka nao kuwa embeni."

Akashukuru, akaaga, akaenda zake.

Mama yangu, ambaye sasa hatoki sana ila kwa kusindikizwa, alikuwa ameketi barazani muda wote huo. Aliniita nikakae karibu naye. Akauliza miembe mingapi haijaanguliwa. Nikasema miwili. Akauliza mchuuzi alilipa kiasi gani kwa hiyo miwili. Nikasema. Akafungua kile kimkoba chake cha ukili anachotunzia fedha za nazi zake, akahesabu taratibu, akanipa.

"Mrudishie fedha zake," akasema. "Embe zaoza ukaziona. Mtoto huoza usimwone."

Mchuuzi alinung'unika, akapokea. Embe za miembe ile miwili nyingi zilianguka chini, maana hatukuwa na mikono ya kuziokota kwa wakati, na zikawa chakula cha nzi. Ilikuwa hasara, sitaki kuificha. Wiki ya tatu ya muhula nilimshika mwanangu mkono, mkubwa yule, nikampeleka shule mwenyewe hata mlangoni. Alikuwa nyuma katika hesabu, na kwa muda mrefu alikuwa nyuma. Alifanya mtihani wake wa darasa la nane Machi 2022. Hakuwa wa kwanza, hakuwa wa mwisho, akavuka. Katika wale wenziwe wawili, mmoja alirudi shule mwezi wa pili. Mwingine hakurudi tena. Ni kijana mwema, nikivuka Mokowe hunipokea mzigo na hakubali kulipwa. Kila akinipokea mzigo huo mimi huona uzito wake umebaki begani kwangu.

Tangu mwaka ule nyumba yetu imepanga mambo upya, na labda mpango wetu utamfaa mwenzangu mwenye mwembe mmoja uani au mwenye kiunga kizima.

Jambo la kwanza, hatuuzi maua. Gharama za Januari hatuzitafuti Januari. Shule ya msingi ya serikali haina karo tangu 2003, lakini viatu, sare, madaftari na chakula havijui habari hiyo. Fedha hizo twazitoa katika nazi. Mnazi haujui msimu. Mkwezi hupanda kila baada ya miezi mitatu hivi, na nazi za Oktoba, kabla hata hazijafuliwa, zimekwisha kuwa viatu vya Januari. Anayezitunza ni mama watoto, si mimi. Mwenye fedha ya viatu mkononi huweza kumwambia mchuuzi "ngoja", na bei hubadilika kwa neno hilo moja. Wachuuzi waijua tarehe ya kufungua shule kuliko walimu. Huja wiki ile kwa sababu wajua mzazi ana haraka.

La pili, twaangua kidogo kidogo, tangu likizo ndefu ya Novemba na Disemba. Zamani tulingoja mti uive wote kisha tukautikisa kama watu wenye hasira. Sasa twachagua. Embe iliyopevuka ina mabega: pale penye kikonyo nyama hujaa na kuinuka, na rangi ya kijani hupoa. Hiyo ndiyo ya kwanza. Twaiangua na kikonyo chake, kwa upembo uliofungwa kijimfuko cha wavu, isianguke chini. Kisha hukatwa kikonyo na kuinamishwa juu ya majani mpaka utomvu wote umiminike. Embe hiyo itafika Mombasa na uso safi. Shule zikifunguliwa, nusu ya kazi imekwisha.

La tatu ni zile zinazoanguka. Hizi haziachwi chini. Yuko nzi wa matunda aliyegunduliwa hapa Kenya mwaka 2003, mgeni kutoka mbali, amekuwa mwenyeji kuliko sisi. Jike hutoboa ganda la embe, hutaga mayai ndani, funza wakala nyama, kisha wakashuka udongoni kugeuka nzi wapya. Ukiziacha mbovu chini ya mti, umewafugia wewe. Basi kitinda mimba wetu, msichana wa gredi ya tano, ana robo saa yake baada ya sala ya alfajiri. Huvaa kanzu kuukuu, huokota, hutenga nzima na mbovu. Mbovu huzifukia kaka yake katika shimo la kina kupita dhiraa. Kisha huoga, huvaa sare, hunywa chai na mahamri, huenda. Sare haiendi chini ya mwembe. Hiyo ni sheria ya mama yake, na haina rufani.

La nne, jioni haiguswi. Akitoka shule huenda madrasa, akirudi husali magharibi, kisha ni madaftari. Embe za kukatwa achari zimekwisha kukatwa na watu wazima, zikatiwa chumvi, zikaanikwa juu ya dari. Naye akimaliza kazi ya shule ana ruhusa ya kuonja pilipili imekolea au la.

Na la tano, Jumamosi. Hiyo ndiyo siku ya kazi kubwa. Twaajiri vijana, lakini waliopita umri wa shule. Watoto wetu kazi yao ni kuhesabu. Embe twazihesabu kwa korja, ishirini ishirini, kama walivyohesabu mababu zetu. Mwezi uliopita wa embe msichana huyu alinikosoa: nilisema korja saba na embe kumi na tatu ni mia na hamsini na saba. Akasema, "Baba, ni mia na hamsini na tatu." Nikarudia hesabu. Alikuwa na haki. Zile nne ningemlipisha mnunuzi bure, na dhambi ikawa yangu.

Nikamkumbuka mwalimu wangu wa chuo na miembe yake minne. Nilidhani siri yake ilikuwa kwamba chuo kilikuwa chake na miembe ilikuwa yake, basi hakuna wa kugombana naye. Sasa naona siri haikuwa hiyo. Yeye alianza na kisomo, kila siku, kisha embe ikapewa saa iliyobaki. Mimi nilianza na embe, nikaipa shule saa iliyobaki, na haikubaki.

Kuna fungu moja zaidi. Katika madhehebu yetu ya Shafii embe haina zaka ya mavuno. Katika matunda ni tende na zabibu. Lakini sura ya An-aam yatukumbusha kwamba siku ya kuvuna ina haki yake, na mtu wa pwani hajapata kula embe peke yake, jirani akisikia harufu tu. Basi Jumamosi jioni hutoka mapakacha matatu ya makuti mabichi. La kwanza huenda kwa mjane wa nyumba ya pili. La pili kwa mwalimu wa madrasa. La tatu huenda shule, likagawiwa watoto ambao kwao hakuna mwembe. Yule mwalimu mkuu alikwisha kuhamishwa, lakini pakacha lake halikukatika.

Jana usiku embe ilianguka juu ya bati. Nikainuka kitandani nikitafuta kurunzi. Mama watoto akasema, "Iache. Alfajiri iko karibu." Nikalala tena, na kabla ya usingizi kunichukua nikatunga ubeti huu, nikuachie wewe, msomaji, mwenye mwembe na mwenye mtoto:

Embe kiwiva mtini, haiingoji kalenda,
Na kengele ya shuleni, haimngoji wa kwenda;
Tunda hurudi mwakani, Mola wako akipenda,
Mwana haupati tena, umri wa kujifunza.